Hedhi ikikoma, kazi haikomi

KUNA jambo ambalo akina mama wa makamo huenda nalo kazini kila asubuhi na kurudi nalo nyumbani jioni bila kumtajia mtu. Hawamwambii mkubwa wao wa kazi. Hawawaambii wenzao wanaoketi nao chumba kimoja. Wengi hawamwambii hata bwana. Jambo lenyewe ni kukoma kwa hedhi.

Kila mwanamke anayejaliwa umri atalipitia. Lakini uliza katika afisi yoyote, iwe ya Nairobi, Kisumu au Migori, kuna mpango gani wa kumsaidia mfanyakazi aliyefika hapo. Utajibiwa kwa kicheko, au utaambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani.

Leo tunaliangalia swala hili tukiwa Kegonga, mji mdogo ulio makao ya utawala ya Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania. Msomaji wa jijini anaweza kushangaa tumefuata nini huko. Sababu ni kwamba Kegonga ina wafanyakazi wa aina zote mbili. Wako walimu, wauguzi, makarani wa afisi za serikali na wapishi wa shule, watu wenye barua ya kazi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Na wako wanawake wengi zaidi walio shambani kwenye mahindi na tumbaku, au sokoni, ambao hawana mwajiri wa kumpelekea malalamiko. Mpango wowote utakaosaidia hawa wote wawili ni mpango wa kweli. Ule wa afisi zenye mazulia na mashine za kupoza hewa peke yake hautoshi.

MWILI UNAFANYA NINI

Wataalamu wanasema mwanamke amefikia kikomo cha hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ikiwa hakuna sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa anazotumia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kwa wanawake wengi hali hiyo hufika kati ya umri wa miaka 45 na 55. Kwa wengine huja mapema, hata kabla ya miaka 40. Na mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia humo mara moja, awe na umri gani.

Lakini taabu kubwa aghalabu haisubiri damu ikome. Ni ile miaka inayotangulia. Ovari hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni, tena bila utaratibu, leo juu kesho chini. Hedhi inaweza kuruka miezi miwili kisha ikaja kwa fujo. Joto huanzia kifuani, likapanda shingoni mpaka usoni, jasho likamtoka mama kama aliyekimbia mbio, na baada ya dakika chache akahisi baridi. Usiku shuka hulowa. Usingizi hukatika saa nane na usirudi. Kuna maumivu ya viungo, moyo kwenda mbio, hasira za karibu, huzuni isiyo na sababu, na kusahau: jina la mtoto uliyemfundisha miaka miwili, au mahali ulipoweka funguo dakika tano zilizopita.

Wako wanaopita bila kuona lolote la ajabu. Hao ndio, kwa bahati mbaya, wanaowakatisha wenzao tamaa kwa kusema, “Mbona mimi sikuumwa?” Wako wengine wanaotaabika miaka saba na zaidi.

Katika nchi za kandokando ya ziwa kuna tatizo jingine. Tumezoea malaria. Anayetokwa na jasho usiku, akahisi joto kisha baridi, viungo vikamuuma, neno la kwanza kinywani mwake na kinywani mwa jirani ni malaria. Anameza dawa za dukani. Mwezi unaofuata anameza tena. Kumbe hajapimwa hata mara moja, na kilichomshika si mbu.

MFANO WA MWALIMU

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mwalimu wa miaka 49 katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya Kegonga. Darasa lake lina watoto 60, paa ni la mabati na dari hakuna. Vipindi vyake vya asubuhi vinafuatana bila nafasi hadi mapumziko. Choo cha walimu kiko ng'ambo ya uwanja, nacho kinatumiwa na wake kwa waume.

Mwezi huu damu imekuja nzito kuliko alivyopata kuiona tangu usichana wake. Atafanya nini katikati ya kipindi? Akitoka, darasa litapiga kelele na mwalimu mkuu atataka kujua aliko. Asipotoka, atachafuka mbele ya watoto. Basi siku anayohisi itakuwa mbaya anabaki nyumbani na kutuma ujumbe wa simu kwamba ana malaria.

Malaria ya kwanza inaaminiwa. Ya pili inapewa pole. Ya nne inazua maneno katika chumba cha walimu, na kufikia muhula wa tatu kuna barua inayomtaka ajieleze. Atajielezaje? Akisema kweli anaona aibu, kwa kuwa anayemwandikia ni mwanamume, pengine rika la mtoto wake wa kwanza. Akiendelea kusema malaria, hana karatasi ya hospitali.

Hapa ndipo kazi inapoweza kupotea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inahesabu kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfanya mtu afutwe papo hapo. Sheria haijui kwamba alikuwa amejifungia chumbani akifua shuka. Inajua kwamba hakuwapo.

Na hebu tuseme na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu. Mwalimu anayefungua dirisha ghafla, akajipangusa uso kwa leso na kujibu kwa ukali swali ambalo jana angelijibu kwa upole, si lazima awe anawachukia. Huenda hakulala.

KUSTAAFU NA MIAKA MITANO

Zamani kidogo swala hili lilikuwa likimalizwa na kalenda. Mfanyakazi wa serikali alistaafu akiwa na miaka 55, kwa hiyo wengi walibeba sehemu kubwa ya taabu hiyo kimya kimya huku wakihesabu miaka iliyobaki. Mwaka 2009 serikali ilisogeza umri wa kustaafu hadi miaka 60. Watu wengi walishangilia, na kwa haki, maana karo za watoto hazikuwa zimekwisha.

Kilichosahauliwa ni kwamba kwa mama, miaka yote ya mabadiliko, yaani 45 hadi 55 na ile inayofuata, sasa iko ndani ya kazi. Tena ndiyo miaka ambayo mtu amepata ujuzi wa kutosha kuwa mwalimu mkuu, muuguzi msimamizi au mkuu wa idara. Mwanamke akiomba kustaafu mapema kwa sababu ya kukosa usingizi na kuogopa kuchafuka, shule inapoteza mtu aliyefundisha robo karne, naye anapoteza miaka ya mshahara na sehemu ya pensheni. Hasara hiyo haiandikwi popote, kwa sababu kwenye barua ameandika “sababu za kifamilia.”

SHERIA INAFIKA WAPI

Ukiisoma sheria yetu utaona kwamba inamfuata mwanamke mpaka kipindi fulani, kisha inamwacha njiani. Sheria hiyo ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Walimu wamepata zaidi: katika mapatano yaliyotiwa saini mwaka 2021 kati ya vyama vyao na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), likizo hiyo ilipanda hadi siku 120. Sheria ya Afya ya 2017 ikawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Yote hayo ni mema. Lakini mama huyo huyo akifika miaka 48, mtoto aliyemnyonyesha akiwa yuko chuo kikuu, hakuna kifungu hata kimoja kinachoitaja hali yake kwa jina.

Hata hivyo hajaachwa mikono mitupu kabisa, na hili akina mama wengi hawalijui.

Kwanza, baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa: siku saba zisizopungua kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Kwa hiyo karatasi inayosema kweli ina thamani kuliko malaria ya kusingizia. Pili, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, umri na hali ya afya, na kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Tatu, kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, kazi mbovu au udhaifu wa mwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua yeye mwenyewe. Mama anaweza kumchagua mwanamke mwenzake. Anaweza kumwomba yeye ndiye aseme.

Kuna pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007. Hii inataka hewa ipite, vyoo vitoshe na viwe safi, maji ya kunywa yawepo, na anayefanya kazi ya kusimama apatiwe mahali pa kuketi anapopata nafasi. Ukiisoma kwa jicho la mama wa miaka 50, ni kama ilimwandikiwa yeye. Kinachokosekana ni mkaguzi wa kuifuatilia hadi Kegonga.

WENGINE WAMEFANYAJE

Nchi nyingine hazijafika mbali sana, lakini zimeanza. Zambia, katika sheria yake ya ajira ya 2019, inampa kila mfanyakazi wa kike siku moja kila mwezi ya kutofika kazini bila kuleta karatasi ya daktari. Wenyewe wanaiita Siku ya Mama. Ilikusudiwa wenye hedhi, lakini kwa mwanamke ambaye hedhi yake inakaribia kukoma na inakuja kama mafuriko, siku hiyo ni ya manufaa makubwa.

Uingereza swala lilifika mahakama za kazi. Mwaka 2012 kampuni ya simu ya BT ilishindwa katika kesi ya mfanyakazi aliyefutwa kwa madai kwamba hafanyi kazi vizuri. Mama huyo alikuwa ameleta barua ya daktari ikieleza kwamba kukoma kwa hedhi kunaathiri umakini wake. Bosi wake hakutafuta ushauri wa kitabibu. Alitegemea yale aliyoyaona kwa mke wake mwenyewe! Mahakama ikasema asingefanya hivyo kwa ugonjwa wa mwanamume.

Nyingine ni ya Uskoti, mwaka 2018. Karani wa mahakama mwenye miaka 20 kazini alichanganyikiwa kuhusu jagi la maji ambalo wanaume wawili walikuwa wamekunywa. Alidhani ameyeyusha dawa yake humo na akawaonya. Dawa haikupatikana ndani ya maji, mwajiri akamwita mwongo na kumfuta. Mahakama ya kazi iliona kwamba kusahau na kuchanganyikiwa kulitokana na hali yake ya kukoma hedhi, ikaamuru arudishwe kazini na alipwe fidia.

Si kwamba kila kitu huko ni asali. Mwezi Julai 2022 kamati ya bunge la Uingereza ilipendekeza lifanywe jaribio la likizo maalumu ya kukoma kwa hedhi. Januari 2023 serikali ilikataa. Binafsi sioni kwamba likizo ndiyo dawa ya kwanza. Likizo yenye jina hilo, katika shule ambamo kila mtu anamjua kila mtu, nani ataiomba? Kuna mambo madogo yanayofaa kuja kabla yake.

MAMBO YASIYOHITAJI BAJETI

Mwalimu mkuu akipanga ratiba, anaweza kumpa mama huyu nafasi ya dakika kumi baada ya kila vipindi viwili, bila kumwuliza sababu mbele ya watu. Darasa analofundisha linaweza kuwa lile lenye madirisha yanayofunguka. Mtungi wa maji ya kunywa unaweza kuwekwa katika chumba cha walimu badala ya afisi ya mkuu peke yake. Mpishi wa shule anayekaa jikoni kwenye moshi tangu alfajiri anaweza kubadilishana na mwenzake siku mbaya ikifika. Karani anaweza kuhamishiwa meza iliyo karibu na mlango. Mavazi ya kazi ya muuguzi yanaweza kuwa ya pamba badala ya kile kitambaa kinachobana joto.

Choo kina habari yake. Estrojeni ikipungua, ngozi ya sehemu za siri hukauka na kuwa nyembamba, na haja ndogo huja mara kwa mara, wakati mwingine kwa maumivu. Katika Kuria jambo hili lina uzito zaidi, na tusiogope kulisema. Wanawake wengi wa kizazi kilicho na miaka 50 sasa walikeketwa wakiwa wasichana, miaka mingi kabla ya sheria ya 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji. Wengi wana makovu, na baadhi yao wamekuwa na matatizo ya mkojo tangu hapo. Ukavu wa umri unapoongezwa juu ya kovu la zamani, safari ya choo ng'ambo ya uwanja na foleni mbele yake ni mateso. Choo cha wanawake kilicho karibu, chenye maji, komeo la ndani na pipa la kutupia sodo, kitamsaidia mama huyu kuliko semina tatu za hotelini.

Na kuna mdomo. Anayepewa siri ya mfanyakazi ailinde. Shule na afisi nyingi zina mwalimu au afisa mwanamke anayeaminika. Hakuna kinachozuia mkuu kutangaza kwamba mama yeyote mwenye haja ya ruhusa anaweza kupitia kwake, na yeye ataleta jina tu, bila maelezo. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, navyo vilivyoweza kupigania siku 120 za uzazi vinaweza kulibeba hili mezani mapatano yajayo yakifika. Sharti ni moja: wanachama wenyewe walitaje.

Wakuria, kwa hakika, si watu wasiojua habari za mwanamke aliyepita umri wa kuzaa. Desturi yao ya nyumba mboke, ambayo ng'ambo ya mpaka huko Tarime huitwa nyumba ntobhu, inamruhusu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, aghalabu akiwa amekwisha kufika umri huo, kutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ina wanaoitetea na wanaoilaumu, na huo ni mjadala wa siku nyingine. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mila ilikaa chini ikamfikiria mwanamke wa umri huu, ikampa nafasi katika boma. Afisi zetu, na kompyuta zake zote, bado.

UKIENDA HOSPITALI

Usiende kuomba dawa ya malaria. Mweleze muuguzi au daktari mambo matatu: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, joto linakuja mara ngapi, na unalala saa ngapi. Andika kwenye daftari kwa mwezi mmoja kabla ya kwenda. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia kukuandikia cheti kinachoeleweka na mwajiri wako. Si lazima cheti kitaje kila kitu. Kinaweza kusema unahitaji mapumziko mafupi na choo cha karibu.

Yako mambo ambayo hayafai kusubiri. Ukilowesha sodo kila saa kwa saa kadhaa, nenda siku hiyo hiyo. Damu nyingi ya mwezi baada ya mwezi huleta upungufu wa damu, na uchovu unaodhani ni wa umri huenda ni wa kukosa madini ya chuma. Na ikiwa ulikwisha kutimiza mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, usifurahi kwamba ujana umerudi. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, na zote mbili hutibika vizuri zaidi zikigunduliwa mapema.

Jingine: mimba bado inaweza kushika. Wataalamu wanashauri kuendelea na upangaji uzazi kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyepita miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo. Wako watu wengi nchini waliozaliwa kwa sababu mama alidhani mambo yamekwisha.

Kuhusu tiba ya homoni, akina mama wengi wameambiwa kwamba inaleta saratani na basi. Hofu hiyo ilienea tangu mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa kabla ya wakati wake. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Haimfai kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu, au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, hapewi hivi hivi. Ziko dawa nyingine zisizo za homoni. Uamuzi ni wa daktari na mama mwenyewe, si wa jirani.

ASIYE NA MWAJIRI

Sasa tuje kwa wengi. Mwanamke anayelima tumbaku Kuria hana mwalimu mkuu wala TSC. Kampuni inaandikiana mkataba na mkulima, na mkulima kwenye karatasi aghalabu ni bwana. Mama yumo kazini tangu kitalu hadi kufunga majani, lakini jina lake halimo.

Kazi yenyewe ni ya joto. Majani yakivunwa hutungwa na kuning'inizwa bandani, na moto wa kuni huchochewa mchana na usiku kwa siku kadhaa hadi yakauke. Anayeamka usiku kuangalia moto mara nyingi ni mama. Mtu ambaye mwili wake unawaka wenyewe saa nane za usiku anapelekwa mlangoni mwa tanuri! Aidha, anayevuna majani yenye umande bila glavu hupenyezwa nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kizunguzungu na jasho. Sasa ana jasho la tumbaku na jasho la umri, na hakuna anayeweza kumwambia lipi ni lipi. Huko Homa Bay wenzake wanaokaanga na kubanika samaki wa kuuza wako katika hali inayofanana na hiyo, uso juu ya moto kutwa nzima.

Kampuni huwatuma maafisa wao wa nyanjani kuwafundisha wakulima kuhusu mbolea, dawa na ubora wa majani. Afisa huyo huyo akifundisha kuhusu glavu na zamu za moto, na kusema waziwazi kwamba mama aliye katika umri huu asipewe zamu ya usiku, atasikilizwa kuliko mtu mwingine yeyote. Bwana naye anaweza kuamka. Vijana waliorudi likizo wanaweza kuamka. Si lazima waelezwe sababu. Watosheke kujua kwamba mama hajalala.

Tangu mwaka 2022 kuna mradi katika kaunti ya Migori unaosimamiwa na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP. Unawasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Ulianzishwa kwa sababu za afya na chakula, na sidhani kuna aliyekuwa akifikiria kukoma kwa hedhi alipouandika. Lakini maharagwe hukaushwa juani, mchana, na mama mwenye damu nzito anahitaji hayo madini ya chuma. Watakaokaa kuupima mradi huo wangefanya vyema kuwauliza wanawake wa Kuria wenye miaka 45 hadi 55 usingizi wao ulikuwaje kabla, na ukoje sasa.